Kiwanja cha Watu Elfu Tatu

Kihara aliwachukia watu waliotazama mpira bure kuliko alivyowachukia wezi wa ng'ombe. Mwizi wa ng'ombe, alikuwa akisema huku akinoa kisu mlangoni pa bucha yake, ana haya kidogo, huja gizani. Mwizi wa mpira huja saa tisa mchana, jua likiwaka, pamoja na mke na watoto na kibuyu cha uji. Anaketi ng'ambo ya kijito, na timu ikifunga bao anashangilia kwa sauti kuliko waliolipa.

Ng'ambo hiyo ilikuwa mteremko wa Watiri, mjane wa kaka yake Kihara, na hapo ndipo ugomvi ulipoota mizizi. Kiwanja cha Gura Rovers kilikaa bondeni, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Upande mmoja kulikuwa na ukingo wa udongo ambapo mashabiki waliolipa walisimama. Upande wa pili kulikuwa na kijito chembamba, na baada ya kijito ardhi iliinuka moja kwa moja hadi nyumbani kwa Watiri. Kutoka kwenye mteremko ule mtu aliona magoli yote mawili, na mwenye macho mazuri aliona hata refa akimeza mate. Kihara, mwenyekiti wa timu tangu timu iwe na mwenyekiti, alikuwa amemwomba Watiri apande miti kando ya kijito iwazibe wale wezi. Akamwomba tena, kwa ukali. Mara ya tatu alikwenda na miche yake mwenyewe, akaipanda bila kuomba. Mbuzi wa Watiri wakaila yote kabla ya Pasaka, na mjini ikasemwa kwamba mbuzi wale waliachiliwa makusudi. Watiri hakukana.

Kwa hiyo mwaka wa sabini na tatu, chama cha mpira kilipoleta amri yake, mashemeji hawa wawili walikuwa wakisalimiana kanisani tu, na hata huko kwa kichwa.

Amri yenyewe ilitokana na uongo. Viongozi wa timu walizoea kutaja ukubwa wa viwanja vyao kama mtoto anavyotaja nguvu za baba yake. Murang'a walisema kiwanja chao kinachukua watu elfu kumi. Kihara aliposikia akasema cha Nyeri kinachukua elfu kumi na mbili, na mbuzi juu. Murang'a wakapandisha, Kihara akapandisha, mpaka viwanja hivyo viwili vya nyasi na matope vikawa vinaweza kuwaingiza watu wote wa nyanda za juu na jamaa zao. Chama kikachoka. Kikasema ligi mpya ya mwaka unaofuata itataka viti vya watu elfu tatu, tena si viti vya mdomo. Mkaguzi atakuja siku ya mechi, awaone watu wenyewe wameketi. Timu itakayoshindwa itacheza mechi zake za nyumbani kwa jirani. Na jirani wa Nyeri, kwa hesabu za chama, alikuwa Murang'a, ambao viti vyao vilikuwa vimeshakubaliwa.

Hilo ndilo lililomkosesha Kihara usingizi. Kubeba jezi za Rovers hadi Murang'a, kuvaa viatu mbele ya watu wanaokuzomea, kisha kuambiwa kwamba hapo ndipo kwenu. Alisimama kwenye mkutano wa timu akaapa kwamba siku Rovers watakapoita Murang'a nyumbani, yeye ataacha uenyekiti, afunge bucha, aende Endarasha akalime viazi. Watu walipiga makofi. Wengine walipigia makofi viazi.

Wa kwanza kuupima ukingo alikuwa Bwana Flynn, mwalimu Mwairishi aliyefundisha hesabu katika shule moja ya pale mjini. Ndiye aliyeipa timu jina la Rovers zamani hizo, kwa kukumbuka timu ya kwao, na hakuna mtu Nyeri aliyewahi kumuuliza jina hilo lina maana gani. Alikuja na futi ya kamba, akapima, akakuna shingo yake nyekundu. Akasema ukingo ukikatwa ngazi kumi na tano na kila ngazi iwekwe benchi la mbao, watakaa watu elfu tatu, kila mmoja inchi kumi na nane.

"Inchi kumi na nane?" Kihara alisema. "Wewe umeona wamama wa kule Wamagana?"

"Nimeona. Mama mbili, nafasi tatu. Lakini sheria nasema inchi kumi na nane."

"Sawa. Nyinyi Waingereza mnapenda sheria."

"Mimi si Mwingereza," Flynn alisema. Hilo ndilo neno moja lililoweza kumkasirisha, na Kihara alilijua, ndiyo sababu alilitumia. Flynn akaikunja kamba yake polepole. "Kihara, sikia. Kwetu Dublin iko kiwanja. Mimi kijana, nasimama pale na watu elfu arobaini. Huwezi inua mkono kukuna pua. Mwaka jana nilirudi likizo, nikaenda Jumapili. Watu mia tatu na mbwa moja. Kiwanja ni ile ile. Hakuna mtu amekata kipande."

"Kwani watu wenu walikufa?"

"Hapana. Wako nyumbani, natazama mpira ya Waingereza kwa televisheni." Alilitamka neno Waingereza kama mtu aliyeuma pilipili. "Mbao unaweza nunua. Watu hapana nunua."

Kihara aliona ametukanwa. Mzungu amekuja kwenye kiwanja chake kumwambia habari za mbwa. "Watu wa hapa si kama wa kwenu," alisema. "Hapa tukiwaambia njooni, wanakuja. Tukiwaambia kaeni, wanakaa."

Mbao zilitoka katika duka la Bipin Vallabhdas, ambaye baba yake aliuza misumari Nyeri kabla barabara haijatiwa lami. Bipin alitoa nusu ya mbao kama zawadi, akaomba jambo moja tu, kwamba familia yake iwe inaketi mstari wa mbele, katikati, siku zote. Kihara akakubali mbio mbio. Watu walijitolea kukata ngazi kwa majembe, kwa harambee, Jumamosi baada ya Jumamosi, na hata waliomchukia mwenyekiti walikuja, maana waliwachukia Murang'a zaidi. Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri, na kama Kihara angekuwa mtu wa kutosheka, hadithi ingeishia hapo na Rovers wangecheza nyumbani.

Lakini wakati mmoja Kihara alikuwa ameingia sinema Nairobi. Hakukumbuka filamu ilihusu nini. Alichokumbuka ni kwamba kila kiti kilikuwa na nambari, na kijana mwenye tochi alikuonyesha yako, ukaketi hapo na si kwingine, na watu wote wakawa wamejipanga kama mayai. Alilala na picha hiyo moyoni. Alipoyaona mabenchi yake mapya yameng'aa, alimwita Gatimu, fundi seremala, akamwamuru apake nambari nyeupe kwenye kila nafasi, kuanzia moja hadi elfu tatu. Askari wa baraza la mji watawaketisha watu mmoja mmoja kwa nambari zao. Mkaguzi hatakuwa na haja ya kubishana, alisema. Mbao zenyewe zitamjibu.

Gatimu aliutazama mkebe wa rangi, kisha mabenchi. "Mwenyekiti, uko na hakika na hii mambo ya nambari?"

"Wewe umeitwa kupaka ama kuuliza?"

Gatimu akapaka. Lakini kila mchana alipopumzika kula githeri yake, aliketi kwenye majani yenye unyevu, na mabenchi makavu yako nyuma yake. Kihara aliliona jambo hilo, akaliita upumbavu, akaendelea na shughuli zake.

Siku mbili kabla ya mechi Watiri alivuka kijito. Hakuwa amekanyaga kiwanja kile tangu mambo ya miche. Alisimama nje ya uzio, mikono ndani ya leso aliyojitanda, mwanamke mwembamba mwenye shingo ndefu isiyopenda kuinama, akangoja mpaka Kihara akachoka kujifanya hajamwona.

"Shemeji," alisema. "Nimekuja kukuambia kitu moja, halafu nitaenda."

"Kama ni mbuzi, nilishawasamehe."

"Sio mbuzi. Futa hizo nambari."

Kihara akacheka, akamwita kwa jina la bintiye. "Mama Wacera, hata rangi yangu sasa imekukosea?"

"Watu hawahesabiwangi. Unajua hivyo. Hata mbuzi wangu siwahesabu, nawajua kwa rangi zao. Mama yako mwenyewe ukimuuliza ako na watoto wangapi, alikuwa anakujibu, ni hawa unaona."

"Hayo ni ya kitambo. Serikali ilituhesabu juzi, mwaka wa sitini na tisa. Nani alikufa?"

"Ilikuja kwa mlango, ikauliza pole pole, ikaenda na majibu yake. Haikutukalisha kwa mistari na mtu wa fimbo." Watiri alinyoosha kidevu kuelekea mabenchi. "Lakini wewe huwezi kujua. Wewe ulikuwa Moshi."

Ni kweli, alikuwa Moshi. Miaka yote ya emajensi, Waingereza walipotangaza hali ya hatari, Kihara alikuwa Tanganyika kwenye shamba la kahawa, akihesabu madebe ya kahawa, na alirudi mwaka wa sitini na moja amevaa viatu vya rangi ya udongo na kofia. Waliobaki walikuwa wamefukuzwa makwao, wakarundikwa kwenye vijiji vya lazima, nyumba zikapakwa nambari nyeupe mlangoni. Kila asubuhi waliketishwa chini kwa mistari, mikono kichwani, na homgadi, mlinzi mwenyeji wa serikali, akapita akiwagusa kwa fimbo, mmoja, wawili, watatu. Kihara alikuwa amesimuliwa haya yote. Aliyasikia kama mtu anavyosikia habari za mvua iliyonyesha kwa wengine.

"Simeon wangu, kaka yako, walimhesabu asubuhi, wakienda kuchimba ule mtaro wa kando ya msitu," Watiri alisema. "Wakatimia. Jioni wakahesabiwa tena, wakapungua mmoja, yeye amebaki mtaroni. Yule wa fimbo alikasirika sana. Hakukasirika juu ya mtu. Alikasirika juu ya hesabu."

Kihara alimpenda kaka yake. Kwa muda mfupi alikuwa karibu kumwita Gatimu aje na randa. Lakini mtu aliyezoea kugombana hana akiba ya maneno mengine. Aliona mbele yake mbuzi wakitafuna miche, aliona Murang'a wakicheka, akaona mwanamke huyu huyu akimshinda tena.

"Sema ukweli," alisema. "Unataka nishindwe, ndio watu waendelee kukaa kwako bure."

Watiri alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyemfuga akaumwa naye. "Haya," alisema. "Mimi nimesema." Akarudi kwake bila kugeuka.

Jumamosi ilifika na jua zuri. Mechi ilikuwa dhidi ya Murang'a wenyewe, na watu walianza kumiminika tangu asubuhi, wa Wamagana kwa miguu, wa Endarasha ndani ya malori ya viazi, wa mjini wakiwa wamefunga maduka. Mashabiki wa Murang'a walikuja na ngoma na matusi mapya. Kihara alikuwa amevaa koti na kofia, na moyo wake ulikuwa umejaa hata akawasalimia watu asiowapenda. Alimwona Watiri amesimama peke yake kwenye mteremko wake mtupu. Leo hakuna mwizi hata mmoja, alijiambia, leo wote wako upande wangu. Mkaguzi alitoka kwenye gari lake, kijana aliyevalia suti ya mikono mifupi, akautazama umati uliokuwa nje ya lango, akasema hajaona watu wengi namna hii tangu atoke Nairobi.

"Ngoja uwaone wameketi," Kihara alisema.

Familia ya Bipin iliingizwa kwanza, kama ilivyokubaliwa. Kisha lango likafunguliwa kidogo, mtu mmoja kwa wakati, na askari wa baraza wakaanza kazi. Waliambiwa wasimwache mtu achague. Askari wa kwanza, kijana mwenye sauti kali, aligusa bega kwa rungu lake na kusema, "Wewe, moja. Wewe, mbili. Wewe, tatu. Haraka, haraka."

Aliyekuwa mbele ya wote alikuwa Mathenge, beki wa zamani wa Rovers, ambaye sasa aliuza kabichi sokoni. Mathenge hakuwa na ugomvi na mtu. Watu walisema hata mpira aliupiga kwa kuuomba radhi. Rungu lilimgusa begani, akaenda mpaka kwenye nambari yake, akainama kuisoma, akasimama hapo kana kwamba ameitwa na mtu asiyemwona. Kisha akaketi. Kisha akainua mikono yake yote miwili, akaiweka kichwani.

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo. Alimtazama Mathenge, akatazama nambari, akaketi, akaweka mikono kichwani. Wa tatu akafanya vivyo hivyo. Mstari wa kwanza ulipokwisha, watu wote pale, isipokuwa Bipin na familia yake, walikuwa wameketi wima na mikono kichwani, wakitazama mbele. Mstari wa pili ukafuata. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku zile waliwatazama wazazi wao, nao wakainua mikono, wasijue kwa nini. Ngoma za Murang'a zikanyamaza. Ulisikika ule mwito tu, mia tatu na kumi, mia tatu na kumi na moja, mpaka yule askari mwenyewe akasikia sauti yake, akapunguza, akanyamaza na rungu likining'inia mkononi.

Kihara mwanzoni alidhani ni mtindo mpya wa kushangilia. Alitabasamu kwa mkaguzi. Halafu aliziona nyuso, na tabasamu likamkauka mdomoni. Alikuwa hajawahi kuiona picha ile maishani mwake, na papo hapo aliijua.

"Toeni mikono kichwani," alisema. Hakuna aliyetii. Akapaza sauti. "Nasema toeni mikono. Mgeni anaona."

Mathenge akageuza kichwa bila kushusha mikono. "Tumetimia, mwenyekiti?"

"Mathenge, acha mchezo."

"Nauliza tu. Mimi na kaka yako tulikuwa mstari mmoja. Nauliza kama tumetimia, ama tumepungua mmoja."

Kihara angeweza kusema nisamehe, lakini neno hilo halikuwa limewahi kupita kinywani mwake hadharani na halikuijua njia. Badala yake alisema neno baya kuliko yote ya siku ile. Alisema asiyetaka kukaa kwa utaratibu, lango ni lile pale.

Mathenge akashusha mikono, akainuka, akaenda langoni. Mstari wa kwanza ukamfuata, kisha wa pili. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyemsukuma mwenziwe, na waliokuwa bado nje wakageuka bila kuambiwa. Waliteremka wakazunguka kiwanja, wakavuka kijito kwa kushikana mikono, wazee wakabebwa. Watiri aliwatazama wakija. Akaenda akafungua ua wake wa miti, akaufungua wote, mpaka palipokuwa na kabichi.

Mteremko ukajaa. Watu waliketi kwenye nyasi, walikaa juu ya mawe, vijana wakapanda miti ya miwati mpaka matawi yakainama, watoto wakawa juu ya paa la banda la kuku. Mashabiki wa Murang'a waliketi katikati ya watu wa Nyeri, kwa mara ya kwanza bila kupigana, maana nao fimbo ile waliijua. Walikuwa wangapi? Hakuna aliyesema, siku ile wala baadaye. Walikuwa watu.

Flynn, aliyekuwa amesimama karibu na benchi la wachezaji, akaanza kukunja miguu ya suruali yake.

"Na wewe unaenda wapi?" Kihara alimuuliza.

"Kutazama mpira," Flynn alisema, akaingia kijitoni na viatu mkononi. Alipofika juu, mama mmoja wa Wamagana alivuta kikapu chake akamwachia nafasi. Ilikuwa zaidi ya inchi kumi na nane.

Refa, ambaye kazi yake ni saa na filimbi, akaanzisha mpira. Mkaguzi alitazama saa yake naye akasema atahesabu waliokaa wakati wa mapumziko, kama sheria inavyosema, waliokaa ndani ya uwanja. Hapo ndipo Kihara alipovua kofia. Alivuka kijito na viatu vyake, maji yakaingia, akaupanda mteremko akihema, na kwa kuwa hakujua aanzie kwa nani, alisimama mbele ya Watiri.

"Mama Wacera," alisema. "Waambie warudi. Nambari nitazifuta. Nitazifuta sasa hivi kwa mkono wangu. Wakae wapendavyo, mtu na jamaa yake. Saa moja tu, mkaguzi awaone."

Watiri aliendelea kutazama mpira. Kihara akawageukia wengine. "Jamani, ni Murang'a. Tutakuwa wageni Murang'a." Watu walinyoosha shingo kutazama mpira uliokuwa umepita nyuma ya koti lake. Hata wa Murang'a hawakucheka, na jambo hilo lilimuumiza kuliko kicheko. Mpiga konde ukuta huumiza mkonowe, na Kihara sasa mkono ulimuuma mpaka begani.

Akaona afadhali akae. Akae nao tu, aonekane yuko nao, mengine yatajijia. Kati ya Watiri na mtoto aliyekuwa kando yake palikuwa na nyasi tupu, nafasi ya kulaza fahali.

"Basi nisogezee hapa," alisema.

Watiri akaitazama ile nafasi, akamtazama yeye.

"Pamejaa, shemeji," alisema.

Kihara akadhani atasema kitu kingine. Akangoja. "Mzee, unatuzibia mpira," sauti ikasema nyuma, kwa upole, kisha sauti nyingine, bila upole, kisha mteremko mzima ukaanza kumwambia ainame, atoke, aende kwa viti vyake. Akateremka. Akavuka tena. Viatu vilikuwa vimejaa matope na vilipiga kelele kila alipokanyaga, akaenda akaketi kwenye mabenchi yake bila kutazama mahali alipoketi.

Rovers walifunga bao. Ng'ambo yote ililipuka, miwati ikayumba, na mwangwi ukaja ukagonga mbao tupu, ukarudi. Bipin alipiga makofi kwa adabu. Mkewe Sharda akafungua vyombo vya chakula, kwa vile watoto walikuwa na njaa, akagawa.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Mkaguzi akapita mbele ya mabenchi akinyoosha kalamu, ijapokuwa waliokaa pale angeweza kuwahesabu hata mtoto wa kunyonya. Kazi ni kazi. Alimhesabu Bipin, mkewe, mama yake na watoto wao wanne, hao wakawa saba. Alimhesabu askari mmoja mgonjwa wa mguu, nane. Alimhesabu mweka hazina wa timu, aliyekuwa ameficha uso kwenye kofia, tisa. Kisha kalamu ikaja ikasimama mbele ya uso wa Kihara.

Kihara aliitazama ncha yake. Ilikuwa mbali naye, lakini aliihisi kichwani, pale ambapo mtu huguswa kwa fimbo, na ngozi ikamsisimka kutoka utosini hadi mgongoni.

"Mimi usinihesabu," alisema.

Mkaguzi hakuelewa. "Lakini umekaa, mzee. Uko kwa nambari mia moja na nne."

Kihara akainuka haraka kutoka kwenye ubao, rangi nyeupe ikiwa imemwachia alama kwenye suruali iliyolowa maji ya kijito. "Tafadhali," alisema, na hilo pia halikuwa neno lake. "Nakuomba. Usinihesabu."

"Kumi," mkaguzi alisema, akaandika.